Fidia ya ajali: kati ya sahihi na fedha mkononi

Barua za mwezi huu karibu zote zinafanana. Mtu ameumia, amedai, kiasi kimetajwa na wote wameridhika, halafu kimya. Au fedha imeingia, lakini pungufu kuliko ile iliyotajwa. Tumechagua saba. Majina hatuyachapishi.

Hiace niliyopanda iligonga lori kwa nyuma pale mteremko wa Iwambi, nikavunjika mguu wa kulia. Bima ya Hiace imekubali kunilipa shilingi 9,400,000. Nilisaini karatasi yao wiki sita zilizopita, na mpaka leo hakuna kilichoingia benki. Nimetapeliwa? – Msomaji wa Mbalizi

Pole sana kwa mguu. Hapana, si lazima uwe umetapeliwa. Karatasi uliyosaini ni hati ya kumaliza madai, ambayo maofisa wa bima wenyewe huiita dischaji vocha. Kazi yake ni mbili: unakubali kiasi, na unaachia haki ya kudai tena kwa ajali hiyohiyo. Mara nyingi haitaji siku ya kulipwa. Ndiyo maana watu husaini wakidhani wamefika, kumbe faili ndiyo kwanza linapanda basi kwenda makao makuu Dar es Salaam.

Huko linapitia mikono miwili. Idara ya madai inahakiki kwamba stika ilikuwa hai siku ya ajali, leseni ya dereva ilimruhusu kubeba abiria, mwenye gari alitoa taarifa na kujaza fomu yake, na kwamba ripoti ya polisi, ya daktari na risiti zako zinasema jambo moja. Baada ya hapo uhasibu unaandaa malipo. Ukipiga simu kuuliza "pesa yangu lini?" utajibiwa "vuta subira". Taja namba ya dai, kisha uliza: faili liko madai au uhasibu? Malipo yameidhinishwa tarehe gani? Yametumwa benki gani, kwa jina gani?

Hilo la jina ndilo linalokwamisha wengi ukanda huu. PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, huandikwa usiku, askari akisikiliza mtu anayeugulia maumivu, na hapo Tusajigwe anakuwa Tusajiwe. Hospitali wananakili kutoka kwenye PF3. Kitambulisho cha NIDA kina Tusajigwe na jina la babu, akaunti ya benki ina jina la ubatizo na la baba tu. Mhasibu anaona watu watatu, na hamlipi hata mmoja. Dawa yake ni kiapo cha kuthibitisha majina, kinachoapwa mbele ya kamishna wa viapo. Mawakili wengi wa mjini wana mhuri huo. Kitaje kila tahajia kama ilivyoandikwa kwenye kila karatasi, herufi kwa herufi. Peleka nakala halisi, ubaki na nakala mbili.

Angalia na akaunti yenyewe. Akaunti ambayo haijaguswa muda mrefu benki huilaza. Fedha ikitumwa humo inagonga mwamba na kurudi kwa bima, kisha inapangwa upya kwenye foleni, na hakuna anayekupigia kukwambia. Weka hata shilingi 10,000 leo, uhakikishe inapokea.

Jambo la mwisho tunalisema kwa ajili ya wengine, kwako limeshapita. Kama mguu una chuma ndani, usisaini kabla daktari hajaandika lini kitatolewa na kwa gharama gani. Dischaji ikishasainiwa, upasuaji wa kukitoa ni wa mfuko wako.

Tulikubaliana na bima shilingi milioni 12. Wakili amenikabidhi 8,740,000. Anasema mengine ni "makato". Makato gani, mbona sikatwi PAYE? – Msomaji wa Ipogolo, Iringa

Kodi ya mshahara haihusiki kabisa hapa, ndugu yetu. Lakini pengo lako la 3,260,000 linaweza kuwa halali, na linaweza kuwa wizi. Utajua kwa karatasi moja tu: hesabu ya mwisho ya mteja. Iombe kwa maandishi.

Hesabu safi ya pengo kama hilo inaweza kukaa hivi. Fedha iliyopokelewa kutoka bima, 12,000,000, ikiwa na tarehe iliyoingia kwenye akaunti ya wateja. Ada ya wakili kwa mkataba mliosaini, 1,800,000. Gharama alizolipa kwa niaba yako, yaani ripoti ya daktari, ada za mahakama, nakala za ripoti ya polisi na nauli za kufuatilia, 310,000, kila moja na risiti yake. Deni la hospitali ulilotoka nalo wodini na kuahidi kulilipa fidia ikitoka, 1,150,000, na stakabadhi ya hospitali kuonyesha limelipwa. Kinachobaki ni 8,740,000. Kama yako inafungana namna hii, kila shilingi na karatasi yake, huna la kulalamika hata kama roho inauma.

Mambo manne ya kukagua. Ada ni ile ya mkataba, au ilibuniwa fedha ilipoingia? Kama wakili amesajiliwa VAT, je, ada ilikuwa imeshajumlisha kodi hiyo au inaongezwa juu? Kuna gharama iliyoandikwa mara mbili, kwa mfano ripoti ya daktari uliyolipia mwenyewe dirishani? Na deni la hospitali, limelipwa kweli? Piga simu chumba cha uhasibu cha hospitali kabla hujamshukuru mtu.

Fedha ya mteja haitakiwi kuchanganywa na ya wakili. Inakaa kwenye akaunti ya wateja. Akigoma kutoa hesabu, malalamiko yanapelekwa Kamati ya Mawakili, iliyoundwa chini ya Sheria ya Mawakili, Sura ya 341. Kabla ya hapo hakikisha kwamba huyo ni wakili: mfumo wa e-Wakili wa Mahakama unaonyesha jina na hali ya leseni yake. Tunalisema hili kwa sababu wodi za majeruhi zina vishoka, wale wanaokuja na fomu ya kusaini hata kabla plasta haijakauka, na "hesabu" yao ni nusu kwa nusu. Kishoka hana akaunti ya wateja wala kamati ya kumshtaki. Ukimpa hati ya uwakala yenye ruhusa ya kupokea fedha, umempa fedha.

Kamwene! Mume wangu anafanya kazi kiwanda cha mbao. Msumeno umemkata vidole viwili. Tajiri anatoa milioni moja na nusu taslimu, asaini kwamba yameisha. Tupokee? – Mama wa Mafinga

Kamwene, mama. Asisaini neno "yameisha".

Ajali ya kazini ina njia yake: Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi, WCF, ulioanzishwa kwa sheria ya mwaka 2008 na kuanza kulipa mafao Julai 2016. Haijalishi kama kosa lilikuwa la msumeno, la tajiri au la mumeo mwenyewe aliyesinzia. Mfuko haulipi kwa kutafuta mwenye kosa. Mchango unalipwa na mwajiri peke yake. Ikiwa kwenye karatasi ya mshahara kuna mstari wa makato ya WCF, huo nao ni wizi, uandikieni barua yake tofauti.

Kwa hiyo tajiri halipi fidia hii kutoka mfukoni. Wajibu wake ni kutoa taarifa kwa Mfuko ndani ya siku 7 za kazi tangu ajali kumfikia masikioni. Asipofanya hivyo, mumeo atoe taarifa mwenyewe, na asisubiri msimu wa mbao upite: ajali isipofikishwa kwa mwajiri au kwa Mfuko ndani ya miezi 12, haki inaweza kupotea. Mwende na mkataba au kitambulisho cha kazi, karatasi za mshahara, cheti cha hospitali kinachotaja vidole vipi na vimekatwa kwenye kiungo gani, na majina ya wawili walioshuhudia. Kama hana mkataba wa maandishi, kama ilivyo kawaida kwenye viwanda vidogo vya mbao, daftari la mahudhurio na miamala ya simu ya kulipwa mshahara husaidia kuthibitisha ajira.

Sasa fedha inatokaje. Kwanza matibabu. Pili, kwa muda ambao hawezi kufanya kazi, Mfuko unalipa asilimia 70 ya mshahara kwa muda usiozidi miezi 24. Mwenye mshahara wa 350,000 anapata 245,000 kwa mwezi. Tatu, jeraha likishatulia, daktari anapima ulemavu wa kudumu kwa asilimia. Ukiwa asilimia 30 au chini, fedha inalipwa kwa mkupuo mmoja. Ukizidi 30, inakuwa pensheni ya kila mwezi. Vidole viwili kwa kawaida ni upande wa mkupuo, ingawa kidole gumba kina uzito wake. Mkono usio na gumba haushiki shoka.

Hapa ndipo wafanyakazi wawili wenye jeraha moja hulipwa tofauti na kudhani kuna upendeleo. Hesabu inasimama juu ya vitu viwili: asilimia ya ulemavu na mshahara uliopelekwa Mfuko. Tajiri anayemlipa mtu 350,000 lakini kwenye kumbukumbu za Mfuko ameandika 150,000 ili apunguze mchango, amemkata mtu huyo vidole mara ya pili. Ulizeni mapema ni mshahara gani umesajiliwa, mkiwa na karatasi zenu mkononi. Kurekebisha kabla ya malipo ni barua na vielelezo, baada ya malipo ni rufaa.

Na ile milioni na nusu? Akitaka kumsaidia mfanyakazi wake aitoe, iandikwe "msaada wakati wa matibabu". Si zaidi ya hapo.

Lori la Zambia lilinigonga nikiwa na toroli, Tunduma. Limeshavuka. Nani atanilipa? – Kijana wa Sogea

Lori limevuka, karatasi zake bado ziko huku. Magari ya Zambia, Malawi, Kongo na nchi nyingine huingia na Kadi ya Njano ya COMESA (soko la pamoja la nchi za Mashariki na Kusini mwa Afrika), ambayo ni bima ya mtu wa tatu inayotambulika nje ya nchi ya gari. Tanzania ilitoka COMESA lakini kwenye mpango wa kadi ilibaki, na ofisi ya taifa inayoushughulikia ni Shirika la Bima la Taifa, NIC. Dai lako unalifungulia hapa, kwa sheria ya hapa, ajali ilikotokea. Huna haja ya kwenda Lusaka.

Unachohitaji ni namba ya kadi, tarehe zake za mwanzo na mwisho, namba ya gari na ya tela (hizo ni mbili tofauti), na jina la kampuni iliyotoa kadi. Polisi wa usalama barabarani walipaswa kuviandika kabla ya kuliachia lori. Nenda kituoni na namba ya tukio, uombe viingizwe kwenye ripoti yako. Kama ajali ingekuwa ya leo, tungesema piga picha kadi kwa simu kabla ya kitu kingine chochote, ukishatoka kwenye lami.

Ugonile. Mjukuu wangu wa miaka 9 aligongwa na bodaboda, kesi iko mahakamani, sasa bima wanataka kumaliza nje kwa milioni 6. Baba yake mdogo anasema apewe yeye akanunue ng'ombe wa maziwa "kwa niaba ya mtoto". – Bibi, Tukuyu

Ndaga, bibi. Ng'ombe ni wazo zuri, ila fedha si ya baba mdogo.

Mtoto hawezi kushtaki mwenyewe, kwa hiyo kesi inaendeshwa na mtu mzima kwa niaba yake. Mahakama humwita rafiki wa karibu. Sheria ya Mwenendo wa Madai, Sura ya 33, Amri ya 31, inamkataza mtu huyo kukubali suluhu bila idhini ya mahakama, na pia kupokea fedha ya mtoto bila idhini hiyo. Suluhu iliyofanywa kando, hata kama mmepigiana picha mkikabidhiana, inaweza kutenguliwa. Bima wenye uangalifu wanalijua hilo na hawatalipa bila amri.

Wakili awasilishe makubaliano mbele ya hakimu akiomba mambo mawili: suluhu iidhinishwe, na mahakama iseme fedha ikae wapi. Mnaweza kuomba sehemu itoke sasa kwa gharama zinazoonekana, kama matibabu yaliyobaki, ada na sare, na iliyobaki iwekwe benki kwa jina la mtoto hadi afikishe miaka 18. Andaeni orodha yenye bei. Hakimu akiona "matumizi mbalimbali" ataikata, na atakuwa amefanya sawa.

Mume wangu alifariki basi lilipopinduka Kitonga. Shemeji zangu wanataka fidia igawanywe kwenye kikao cha ukoo pamoja na shamba la chai. – Mjane, Mufindi

Pole sana, dada. Hivyo ni vitu viwili, na kikao kikivichanganya utaumia.

Shamba ni mali ya marehemu, linafuata mirathi. Fidia ya kupoteza tegemeo inatoka kwenye Sura ya 310 ya sheria zetu, na ni kwa ajili ya wategemezi: mjane au mgane, watoto, wazazi. Kaka wa marehemu hawamo kwenye kundi hilo. Kama ni mahakama inayotoa fidia, hutaja fungu la kila mtegemezi. Kama ni suluhu na bima, hakikisha hati ya makubaliano inataja majina na kiasi cha kila mmoja, si jumla moja iliyoachwa hewani. Mama mkwe wako, kama mtoto wake ndiye aliyekuwa akimlisha, ana fungu lake, usimwache nje.

Kuna mtego mmoja: bima kwa kawaida watataka kumlipa msimamizi wa mirathi, kwa hiyo uteuzi unahitajika hata kama fedha yenyewe si ya kugawanywa kama shamba. Maombi hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo kwa cheti cha kifo na muhtasari wa kikao cha familia. Ukiteuliwa unapewa Fomu Na. 4, ndiyo bima na benki wanayoiomba. Msimamizi anatakiwa kurudisha orodha ya mali na hesabu mahakamani ndani ya miezi 4. Ndiyo maana tunashauri msimamizi uwe wewe, au mtu ambaye hesabu yake utaweza kuidai bila kuogopa kikao.

Mwenye basi hana bima hai, anakubali kosa, anataka kunilipa kwa awamu. Na kuhusu faini aliyotozwa dereva, je, nayo inaingia kwangu? – Msomaji wa Makambako

Faini ni ya serikali, haiji kwako. Mahakama ya jinai inaweza kuamuru fidia juu ya adhabu, lakini ni lazima iamriwe. Isipotajwa kwenye hukumu, haipo.

Awamu zinakubalika, ila si kwa mdomo wala kwa daftari la stendi. Fungua shauri la madai, kisha makubaliano yenu yasajiliwe mahakamani yawe tuzo, yaani amri ya mahakama. Hati itaje kiasi chote, tarehe ya kila awamu, akaunti ya kulipia, na kifungu hiki: awamu moja ikichelewa siku kadhaa (andikeni ngapi), deni lote lililobaki linaiva siku hiyohiyo. Bila kifungu hicho utalazimika kumfuatilia awamu kwa awamu. Tajeni na riba. Kwa hukumu ya mahakama kiwango cha kawaida ni asilimia 7 kwa mwaka, na mnaweza kukubaliana hadi 12. Tuzo ikikiukwa unaomba utekelezaji moja kwa moja, yaani kukamata basi au fedha iliyo kwenye akaunti yake, bila kuanza kesi upya. Chukua mapema nakala ya kadi ya gari, uone linasomeka jina la nani. Mabasi mengi bado yana jina la benki iliyokopesha.

Wakati mnajadiliana, hesabu tarehe. Madai ya kuumizwa kwa uzembe yana ukomo wa miaka 3 tangu kuumia, na mazungumzo, hata yawe matamu vipi, hayasimamishi hesabu hiyo. Ni hivyohivyo kwa wanaosubiri majibu ya bima: barua zenu zipokelewe kwa mhuri na tarehe kwenye nakala mnayobaki nayo. Wakizidi kunyamaza, ipelekeni nakala hiyo ofisi ya TIRA, mamlaka inayosimamia kampuni za bima, ya Kanda ya Nyanda za Juu Kusini, iliyopo jijini Mbeya, pamoja na namba ya dai na ya gari.